Kinyozi na Wembe Mpya

Kinyozi yule hakuwahi kumnyoa mtu kwa wembe uliotumika. Alifungua mpya mbele ya macho yako, akakuonyesha, ndipo akakugusa. Lakini juzijuzi alilala na mwanamke aliyekutana naye harusini, na hakuuliza jina wala hakukumbuka kondomu. Tangu hapo usingizi umemhama. Zahanatini walimpima, wakamwambia ni mapema mno, arudi kupimwa tena. Kila mwasho kwake ni kesi. Leo amechoka hata kuogopa.

"Wewe fundi nakuaminia," mteja alimwambia, akiinamisha kichwa. "Wengine watatuua kwa uzembe wao."

"Hapa sibahatishi, kaka," kinyozi akajibu, akifungua wembe. Neno "hapa" alilitia mkazo, angalau asiwe mwongo pia.