Barua Kumi na Moja za Roberta

Roberta Haglund nilimchukia kwa mwaka mmoja hivi. Naanza na hilo ili msije mkasema nimeficha. Kabla ya mwaka huo tulikuwa majirani wa kupeana funguo za nyumba, na kazini tulikuwa pamoja: yeye mapokezi ya kliniki ya meno, mimi chumba cha ndani namshikia daktari vyombo. Mji wetu ni mdogo, uko Wisconsin, una kiwanda cha karatasi na mto, na ukipiga chafya kanisani Jumapili, Jumatatu dukani utaulizwa kama umepona mafua.

Roberta alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, nje kidogo ya mji. Alikuwa na akili. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba alipata chuo kizuri huko Minnesota, akaenda, halafu baba yake akaugua na yeye akalazimika kurudi kukamua. Mumewe, Curt, fundi wa mashine kiwandani, siku moja tukiwa tunachimba theluji mlangoni aliniambia mzee yule hakuwahi kuugua hata jino. Roberta alikaa chuoni wiki saba. Alikuwa analia chooni. Akapanda basi akarudi, na shamba likawa kisingizio.

Walikuwa na mtoto mmoja, Marit. Huyo alianza kugugumia akiwa na miaka mitano. Shule ya msingi walimwita Redio Mbovu. Roberta alimpeleka kwa mtaalamu wa usemi kila Jumanne na Alhamisi kwa miaka saba, mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, barabara ikiwa barafu tupu, na hakukosa hata mara moja. Haki yake nampa. Marit alipofika miaka kumi na miwili kigugumizi kikakoma, wakamhamishia shule ya ng'ambo ya mto, ambako hapakuwa na mtu aliyemjua. Akaanza upya. Hakumwambia yeyote.

Basi Marit alipoingia darasa la kumi na moja, miaka miwili kabla ya chuo, nyumba ile ikageuka ofisi. Kwenye meza ya chakula hapakulika tena. Vijitabu vya vyuo vilijaa, vyote vina picha ileile ya vijana wanacheka kwenye majani. Ukutani Roberta alibandika jedwali: vyuo kumi na moja, tarehe za kutembelea, alama za mtihani zinazotakiwa, na safu moja ameiandika "Nafasi ya Marit" kwa kalamu nyekundu.

"Na cha misitu?" Marit aliuliza. Nilikuwepo siku hiyo, nimekwenda kurudisha bakuli. "Nilikwambia chuo cha misitu, kule kaskazini. Mbona hukukiandika?"

"Kile si chuo."

"Kimeandikwa chuo mlangoni, mama."

"Miaka miwili ya kujifunza kukata miti! Babu yako alinuka ng'ombe maisha yake yote. Wewe unataka kunuka msonobari?"

"Nanuka msonobari kila Jumamosi." Kweli, alikuwa anafanya kazi kwenye kitalu cha miche. "Hakuna aliyekufa."

"Curt, msikie mwanao."

Curt alikuwa anakula sandwichi yake amesimama kwenye sinki, maana pa kukaa hapakuwepo. "Namsikia," akasema. Akauma tena sandwichi. Huyo ndiye Curt.

Roberta alikuwa amemfungulia binti yake anwani ya barua pepe ya mambo ya vyuo tu, na neno la siri alilijua yeye. Januari yote nilimwona pale mapokezi, kati ya mgonjwa na mgonjwa, anaandika kwa kasi. Nikasogea kuchukua faili, nikasoma begani kwake: "Mama yangu ni shujaa wangu."

"Roberta," nikamwambia, "unajiita shujaa wako mwenyewe?"

Hakucheka. "Marit haandiki. Nikimwachia hataandika. Maofisa wa udahili wanataka kuona mtoto ana hamu. Kila mama anafanya hivi. Unadhani Lorna Pfeifer hamfanyii binti yake?"

"Sijui ya Lorna. Marit anajua?"

"Atanishukuru."

Nikaona pia, mistari michache chini, maneno mawili: Redio Mbovu. Nikajua ameandika nini. Simu ikalia, akaipokea, na mimi nikarudi ndani kwa daktari. Sikumwambia Marit. Nilijiambia mambo ya nyumba ya watu hayanihusu. Ilikuwa rahisi kunyamaza, nikanyamaza.

Aprili wakaenda kukitembelea kile chuo alichokitaka Roberta kuliko vyote. Haya yafuatayo nimeyapata kwa Curt na kwa Marit, kila mmoja kwa wakati wake.

Walikuta ukumbi umejaa, familia kama arobaini, kila mtoto amebandikwa jina kifuani. Lorna Pfeifer alikuwepo na binti yake Brooke, anayesoma darasa moja na Marit. Akatokea ofisa mmoja wa udahili, kijana mchangamfu anayeitwa Tolliver, akasoma jina kifuani mwa Marit, akapanua mikono kama amemwona dada yake.

"Marit Haglund! Wewe ndiye Redio Mbovu! Jamani, barua yako ya kigugumizi niliisomea ofisi nzima. Mkuu wetu alitoa leso."

Marit hakuelewa. Akamtazama mama yake, na hapo akaelewa.

"Njoo, njoo," Tolliver akasema, na watu walishaanza kugeuka. "Waambie wenzako kidogo tu ulivyokishinda."

Kijana wa watu hakuwa na ubaya. Alidhani anampa heshima. Marit akafungua mdomo kusema "mimi sikuandika", na neno la kwanza likakwama. "M-m-m-m..." Miaka mitano halikuwahi kukwama. Macho yakafumba, shingo ikakaza. Brooke akacheka. Labda ni mshtuko tu, lakini alicheka.

Curt anasema Roberta alimshika binti yake begani kumtuliza. Marit anasema hakushikwa na mtu. Anasema mama yake alicheka kidogo na kumwambia Tolliver, "Leo ana haya tu, nyumbani anaongea kama cherehani."

Saa tisa ya mchana simu yangu ikalia. Ni Curt. "Tuko kituo cha mafuta, kilomita themanini kutoka nyumbani. Marit kashuka, hataki kuingia tena garini na mama yake. Unaweza kuja?"

Nilikwenda. Nilimkuta Marit amekaa chini, mgongo ukutani, karibu na mashine ya barafu. Curt kakaa kando yake, suruali yake nzuri imelowa. Roberta yuko ndani ya gari, vioo vimefungwa, anapiga honi. Aliponiona akashusha kioo.

"Umekuja kumpa kiburi?"

"Nimekuja kumpeleka nyumbani."

"Gari la kumpeleka nyumbani ni hili. Marit! Umeshawaonyesha watu ukaidi wako, inatosha. Ingia!"

Marit akasimama, akaenda mpaka dirishani. Aliongea polepole sana, neno moja moja, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe.

"Wewe ulikaa wiki saba. Bibi aliniambia. Wiki saba, ukakimbia. Sasa unataka kwenda tena, ukiwa umenivaa mimi."

Roberta akapandisha kioo. Sijawahi kuona uso wa mtu ukipauka namna ile. Akawasha gari akaondoka, Curt akabaki amesimama na sisi, kwa hiyo nikawachukua wote wawili.

Njiani Marit alikaa mbele. Tulipopita ghala la nafaka akaniuliza bila kunitazama, "Ulijua?"

Ningeweza kudanganya. "Nilijua kwamba anaandika," nikasema. "Ile ya redio niliiona pia."

"Tangu lini?"

"Januari."

"Na muda wote huo ulikuwa unanipikia mandazi," akasema.

Jumatatu shuleni mvulana mmoja alitoa sauti ya redio isiyoshika stesheni Marit alipopita ukumbini. Jumanne walikuwa sita. Marit hakukaa nyumbani. Alikwenda kila siku, anagugumia, anajibu darasani akiulizwa, wanacheka, anamaliza sentensi yake. Jioni ya Jumatano aliingia kwenye ile anwani, akabadilisha neno la siri, akaandikia vyuo vyote kumi na moja. Barua ilikuwa na mistari mitatu: barua mlizopata kwa jina langu aliziandika mama yangu bila mimi kujua. Siombi nafasi kwenu. Tafadhali futeni jina langu.

Roberta alipojaribu kuingia kwenye anwani akakuta neno la siri limebadilishwa, alipiga simu shuleni. Mshauri, Bwana Okerlund, akamwita ofisini, akamwonyesha nakala ya barua hiyo, maana Marit alimpelekea. Roberta alitoka pale akaja moja kwa moja kazini, akanisimamia mlangoni mwa chumba cha daktari, mgonjwa kakaa mdomo wazi kitini.

"Umenivunjia nyumba."

"Mimi?"

"Ulikwenda kumchukua. Ungekataa, angeingia garini. Tungeyamaliza."

"Roberta, mtoto alikuwa amekaa kwenye saruji."

"Huna mtoto wa darasa la kumi na moja. Funga mdomo wako."

Daktari akakohoa. Mgonjwa hakuweza kusema lolote, alikuwa na pamba mashavuni.

Tangu siku hiyo hakunisemesha. Alikuwa ananiandikia vikaratasi. "Mgonjwa wa saa nne kafika." "Glavu zimekwisha." Akipita uani anageuza uso. Funguo zangu alizirudisha kwa posta, na yeye anakaa hatua ishirini kutoka kwangu. Nami sikuwa mwema. Nilikuwa nalipiza: nikikuta amesahau miwani yake nyuma namwacha aitafute. Siku ya kuzaliwa kwake nilijifanya nina kikohozi ili nisiimbe na wenzangu.

Nyumbani kwao ilikuwa mbaya zaidi. Curt aliniambia wanakula kwa zamu. Roberta alichana jedwali ukutani, lakini rangi ilibanduka nalo, pakabaki pembe nne zisizo na rangi, na hakuna aliyepaka. Alimwambia Marit kwamba kwa chuo cha kukata miti hatatia sahihi yake popote. Marit akamjibu sawa, atasubiri, na kweli alisubiri mpaka Oktoba akatimiza miaka kumi na minane. Fomu zilizohitaji mzazi Curt alizitia sahihi mwenyewe, kiwandani, juu ya kifuniko cha mashine, na alizipeleka posta kabla hajarudi nyumbani.

Roberta alizijua habari kutoka kwa Lorna Pfeifer, mbele ya friji ya maziwa dukani. "Hongera," Lorna akamwambia, "nasikia Marit kapata kule kaskazini. Misitu! Angalau hewa safi." Roberta aliacha kigari chake na vitu vyote ndani akatoka. Mtangazaji wa mji mzima ni Lorna, kwa hiyo hilo nalo tulilijua kabla ya jioni.

Agosti Curt alimpeleka Marit chuoni. Roberta alikuja kazini siku hiyo, akapokea wagonjwa, akatabasamu, na mchana nikamkuta chumba cha kuhifadhia vifaa amesimama na boksi la barakoa mkononi. Hakuwa analia. Nikasema, "Roberta." Akasema, "Toka." Lilikuwa neno la kwanza aliloniambia kwa mdomo tangu Aprili ya mwaka uliopita. Nikatoka.

Krismasi Marit alilala kwa bibi yake shambani, akaja kwetu mara moja. Bado anagugumia kiasi, hasa kwenye simu, na anasema hana muda wa kuhangaika na kigugumizi. Alinikumbatia kwa mkono mmoja. Hajanisamehe yote, na sikumwomba.

Machi alinipigia simu. Mama yake alikuwa amemfuata chuoni, hakuitwa, hakuaga mtu, kaendesha mwendo wa saa nne peke yake. Marit alimkuta kwenye maegesho, Ijumaa jioni, kasimama kando ya gari na koti la kazini. Wakaenda baa ya karibu kula samaki wa kukaanga, maana Ijumaa huko kila mtu anakula samaki.

"Mkazungumza nini?"

"Tuligombana. Alitaka niongeze miaka miwili nipate shahada kamili. Nikamwambia aache. Akasema hataacha. Watu wa meza ya jirani wakahama."

"Aliomba radhi?"

"Roberta?" Siku hizi anamwita kwa jina. "Alisema nimekata nywele vibaya. Halafu akauliza mti ulioko nje ya dirisha ni mti gani."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia ni mberoshi. Akasema anaujua, shambani kwao walikuwa nao, na si mberoshi. Ni mberoshi kabisa. Nikamtoa nje nikamwonyesha majani yake. Tukasimama kwenye theluji tunabishana mpaka samaki wakapoa."