Klachi ya Baba

Gereji yetu pale Makambako ina sheria moja tu inayoheshimiwa: kifaa kikitolewa kwenye gari, mwenye gari lazima aonyeshwe. Kama ni beringi ataishika. Kama ni pleti ya klachi ataipitishia kidole aone ilivyokwisha, kisha aamue kuibeba au kuitupa kwenye lundo letu la vyuma nyuma ya ukuta. Fundi asiyeonyesha cha zamani huitwa mwizi hata kama hajaiba. Mimi niliishika sheria hiyo kuliko wanaume, maana mwanamke mwenye spana huchunguzwa mara mbili. Hadi leo wapo wanaonikuta nimelala chini ya gari wakaniuliza fundi yuko wapi.

Baba alifika asubuhi ya Julai, ukungu bado haujainuka, lori lake limejaa mbao za Kifanya. Amekuwa dereva tangu sijazaliwa. Nyumba yetu ya Mjimwema kule Njombe, ada zetu, hata sanda ya bibi, vyote vililetwa na lori.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Huniita hivyo kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. "Klachi imekuwa nzito. Hapo sokoni nimekanyaga, haikushuka, gari likaruka mbele. Akina mama wa njegere wamekimbia na mabeseni yao."

"Kuna aliyeumia?"

"Hakuna. Njegere tu."

Alishuka taratibu, akishikilia mlango kwa mikono miwili. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimelika ncha kwa kuburuzwa, cha kulia kizima. Niliona, nikageuza macho.

Nikapanda, nikakanyaga pedali. Ilishuka laini hadi chini. Nikakanyaga tena, hivyohivyo. Hapo ningeweza kusema. Badala yake nikamwambia, "Tushushe giaboksi, tuangalie."

Klachi si jambo la ajabu. Injini inazunguka muda wote, ila magurudumu hayatakiwi kuzunguka muda wote. Katikati kuna pleti iliyobanwa. Ukikanyaga pedali inaachiwa, mzunguko wa injini haufiki kwenye shafti ya giaboksi, nawe unabadili gia au unasimama. Ukiinua mguu inabanwa tena, gari linakwenda. Kazi yote hiyo ni ya mguu wa kushoto. Dereva asiyeweza kuikanyaga klachi kwa wakati ataua watu, na akiwa na mzigo wa mbao ndiyo kabisa.

Kazi ilituchukua hadi mchana, mimi na fundi mwenzangu. Baba aliketi juu ya tairi akiota jua, akisugua paja. Pleti ilipotoka niliipima kwa kidole. Ilikuwa nene, haina mafuta wala alama ya kuungua. Beringi nzima, kila kitu kizima. Niliifunga mwenyewe mwaka uliopita. Mwenzangu aliiangalia, akaniangalia, akaenda kunawa mikono.

Nikijiuliza leo nilijisikiaje, sipati jibu. Nakumbuka tu kwamba jua lilikuwa limeshawaka na vidole vyangu vilikuwa bado vizito kwa baridi.

Nilikwenda nyuma ya ukuta, nikachagua kwenye lundo pleti iliyoungua ya lori jingine, nikaipaka grisi mbichi ionekane imetoka sasa hivi. Nilijiambia, funika kombe mwanaharamu apite. Ningesema kifaa chake ni cha kuagizwa, lori liegeshwe kwetu wiki, kisha mwezi, mpaka mzee mwenyewe akate tamaa ya kuendesha. Nilijua pia kwamba njia ya mwongo ni fupi. Sikutegemea iwe fupi kiasi kile.

Baba hakuangalia hata palipoungua. Aliingiza kidole gumba kwenye tundu la katikati, penye meno yanayoshika shafti, akayahesabu polepole, midomo ikicheza.

"Hii ni ya gari gani?"

Nikaokota kitambaa, nikaanza kufuta spana.

"Yangu ina meno kumi. Hii haiingii kwenye gari langu hata uipige nyundo."

"Baba, nilitaka..."

"Njombe kuna mafundi wangapi? Nimewapita wote nikaja mpaka huku na mguu huu. Ningemwambia mama yako, angelia. Padri angeniombea. Nikasema huyu binti yangu atafungua, ataangalia, atasema. Na wewe unaniletea pleti ya mtu?"

Hakupaza sauti. Angepaza ningepata pa kujitetea.

"Klachi yako ni nzima, baba," nikasema. "Mguu ndio umekufa."

"Haya," alijibu. "Kumbe unaweza."

Tuliifunga pleti yake ileile. Nikakaa mimi kwenye usukani ili tupeleke mbao, kisha nimrudishe nyumbani. Baba alizunguka lori kwenda upande wa abiria, mlango ambao sikuwahi kumwona akiutumia. Mguu ukakataa ngazi. Akajaribu tena, na tena, akasimama ameshika mlango, kichwa ameinamisha. Nikashuka, nikamshika kiunoni, nikajikaza kama mtu anayenyanyua giaboksi, maana huyu ndiye aliyekuwa akipakia lori zima la mbao kwa mikono yake tukiwa wadogo. Hapo ndipo nilipoumia, kwa sababu alipanda mara moja. Hakuwa na uzito wowote.