Ufunguo wa Pili

Katika kijiji kile cha juu ya Manyatta, ambako serikali ya kikoloni iliwakusanya watu mwaka wa 1955 ili wasiwasaidie wapiganaji wa msituni na kuwazungushia handaki lenye vigingi vilivyochongwa, nyumba zote zilifanana. Udongo, nyasi, mlango wa mbao za masanduku ya bidhaa. Mgeni asingejua ya nani ni ipi. Mlango uliotambulika kwa mbali ulikuwa mmoja tu, wa Lenah.

Lenah alikuwa mshonaji. Mumewe, Hezekiah, alizolewa katika msako wa Nairobi na kupelekwa kizuizini mahali ambapo barua hazikufika. Tangu siku hiyo cherehani ndiyo iliyowalisha yeye na watoto, Nyaga na wadogo zake. Siku ya kuhamishwa, nyumba za zamani zikiwaka moto nyuma yao, wanawake wenzake walibeba vyungu na mbegu. Yeye alifunga kichwa cha cherehani mgongoni kwa mbeleko, kama mtoto mchanga, kisha akarudi mbio kuchukua miguu yake ya chuma, mmoja ukiwa umeshaanza kuguswa na moto.

Usiku haukumtisha sana. Alikuwa na gogo la kuegemeza mlangoni kwa ndani, na amri ya kutotoka nje iliwafungia wezi majumbani mwao kama ilivyowafungia wengine. Kilichomtisha ni mchana. Kila asubuhi filimbi ililia, na kila mwenye miguu akaenda kuchimba matuta ya serikali. Ukibaki nyumbani, ni kiboko. Kijiji kizima kikawa kitupu hadi alasiri, isipokuwa mahomugadi, wenyeji waliofanywa walinzi wa serikali, waliozunguka na mikuki yao wakisema wanakilinda.

Kwanza alinunua kufuli dogo. Siku moja alirudi akalikuta limefungwa vilevile alivyoliacha, lakini unga ulikuwa umepungua na kitambaa chake kilikuwa kimekunjwa kwa mikunjo isiyo yake. Akamwita Kivuti, fundi seremala, aje atazame. Kivuti alishika pete ya kufuli kwa vidole viwili, akaivuta, ikamfuata na misumari yake.

"Kufuli ni zuri, Mama Nyaga," alisema. "Lakini limeshikwa na misumari ya kutundikia picha. Mtu amebandua, ameingia, kisha akairudisha kwa jiwe."

"Huyo ni mwizi mwenye adabu," alisema Wambeti, jirani, aliyekuwa amesimama kando akitafuna muwa. "Wa kwangu hata mlango haegeshi."

Kivuti alikuwa na pasi ya kwenda Embu kwa kazi yake. Alirudi na kitasa cha chuma kutoka duka la Mhindi, kizito kama kitako cha jembe. Hakukipigilia misumari. Alitoboa mbao tundu kwa tundu, akapitisha bolti na kuzikaza kwa ndani, na nyuma yake akaweka kipande cha bati ili mbao isipasuke. Mwimo wa mlango aliung'oa akaweka mwingine wa mti mgumu, kwa sababu, alisema, kitasa kina nguvu ya kile kinachokipokea. Bawaba nazo akazigeuza zikatazama ndani. Alipomaliza aliusukuma mlango kwa bega, kisha kwa teke. Haukutikisika.

"Funguo ni mbili," alisema. "Huu wa pili usiuweke chini ya jiwe. Wakija kusaka, mawe ndiyo wanayoanza nayo. Utampa nani?"

"Njoka," Lenah alijibu, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Na kwa kweli hakukuwa na la kufikiri. Njoka na Hezekiah walitahiriwa asubuhi moja, kwenye mto mmoja, wakauguza vidonda vyao katika kibanda kimoja. Mtu wa rika la mumeo haombi ruhusa kwako. Huingia, huketi, hupewa chakula, na watoto humwita baba. Mume asipokuwepo, yeye ndiye husimama mahali pake. Njoka aliupokea ufunguo kwa mikono miwili, akautia kwenye kamba ya ngozi na kuuvaa shingoni, ndani ya shati.

Baada ya mavuno ya mtama, wanaume waliosalia waliitwa posti, kituo cha mahomugadi, mmoja mmoja. Njoka alipotoka huko alikuwa na mkuki, na kitambaa cha homugadi kimefungwa mkononi. Wengine walikataa, na tayari walikuwa wamepakiwa kwenye lori la kwenda kizuizini.

"Nenda ukachukue ufunguo wako," Wambeti alimwambia Lenah wakiwa kwenye matuta.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie aurudishe. Maneno mawili tu."

"Nikimwambia hivyo nimemwambia si wa rika la Hezekiah tena."

"Basi mwambie una mgeni anataka kulala."

"Mgeni gani anaruhusiwa kulala hapa?"

Wambeti akachimba.

Njoka alikuja jioni moja, jua bado lipo. Aliegemeza mkuki wake nje, akaketi kwenye kigoda cha Hezekiah. Lenah alimpakulia maharagwe, naye akala akiangalia bakuli.

"Mlango wako unasemwa kule posti," alisema.

"Unasemwaje?"

"Kwamba mwenye mlango wa benki ana benki ndani."

"Nina cherehani. Kila mtu anajua."

"Kila mtu anajua," alikubali Njoka.

Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi wa Lenah. Watoto walikuwa wamemzunguka Njoka, mdogo ameegemea goti lake akimvuta kidole.

"Ule ufunguo unao?" aliuliza hatimaye.

"Upo."

Akamwongezea maharagwe.

Haikupita mwezi. Alirudi kutoka matuta, akatia ufunguo, kitasa kikageuka laini kama kawaida, mlango ukafunguka. Sakafuni kulikuwa na alama nne pale miguu ya cherehani ilipokuwa imedidimia. Kitu kingine hakikuguswa, hata unga. Lenah alisimama akizitazama alama zile, kisha, kwa sababu hakujua mahali pengine pa kushtaki, akaenda posti.

Mkubwa wa posti aliitwa Mbaka, mtu mnene mwenye sauti ya upole.

"Pole sana, mama. Mlango wamevunja?"

"Hawakuvunja."

"Ukuta wametoboa?"

"Hapana."

"Paa?"

"Hapana, mzee."

"Sasa umeibiwa vipi?" Mbaka aliwatazama watu wake. "Cherehani imetoka kwa ufunguo, na ufunguo ni wako. Niambie, wale wa msituni wanavaa nini siku hizi? Majani?"

Mahomugadi walicheka. Njoka alikuwa amesimama mlangoni, akitazama vidole vya miguu yake.

"Funguo za kitasa hicho ni ngapi?" Mbaka aliuliza.

Lenah alielewa kwamba Mbaka analijua jibu. Akisema ni mmoja, basi yeye mwenyewe ndiye aliyewapelekea watu wa msituni cherehani. Akilitaja jina la Njoka, basi homugadi amekuwa akivaa shingoni ufunguo wa nyumba ya mfungwa, na watu wa namna hiyo walipelekwa kuhojiwa mahali ambapo wake zao hawakuwaona tena. Kwa Njoka kulikuwa na wake wawili na watoto.

"Ni mbili," alisema. "Mmoja niliupoteza kwenye matuta."

"Uzembe," alisema Mbaka, bila hasira. "Anayepoteza funguo hafai kuwa na kitasa. Njoka, nenda ukakitoe."

Njoka alihangaika. Kisu hakikupata pa kushika, na bolti za Kivuti zilikataa kulegea, kutu imeshazibana. Mwishowe akachukua panga akaanza kukata mbao yenyewe kukizunguka kitasa, na mlango ukawa unayumba kwa kila pigo, hata Lenah akalazimika kuushika, Njoka asije akajikata.

"Ufunguo waliuona walipotuvua mashati," Njoka alisema kwa sauti ya chini. "Mbaka akauliza wa wapi."

"Ungesema umeuokota."

"Angeniuliza wapi."

Pigo. Pigo tena.

"Hezekiah akirudi," alianza Njoka.

"Akirudi utamweleza wewe."

Kitasa kilidondoka na kipande chake cha mbao. Njoka akakibeba kwapani akaondoka, na Lenah akaziba tundu kwa gunia.

Siku kadhaa baadaye, filimbi ya asubuhi ilipolia, alikuja homugadi kumwita. Jembe aliache, anahitajika posti. Cherehani ilikuwa stoo, kando ya magunia ya mahindi. Aliijua kabla hajaifikia, kwa ile alama ya moto kwenye mguu mmoja. Mkanda wake ulikuwa umevalishwa kinyume, na uzi ulikuwa umejikunja ukakwama chini ya sindano. Mbele yake palikuwa na rundo la kaptula za kaki zilizochanika.

"Tumepata cherehani ya serikali," alisema Mbaka. "Watu wangu wanaivunja tu. Hii aina unaifahamu?"

Alisubiri, sauti yake ileile ya upole. Lenah aliona kwamba anamsubiri atamke neno moja, lile neno 'yangu', na kwamba lori lilikuwa uani.

"Naifahamu," alisema.

Akaketi, akaugeuza mkanda, akaomba mafuta.