Matairi ya Theluji na Mayai ya Vunjajungu

Sifa ni ugonjwa, na mimi niliupata nikiwa na miaka arobaini na sita. Mwaka ule redio ilitangaza theluji haba. Mimi, Togashi Eisaku, mkulima wa matunda ya kaki hapa Shonai, nikapita shambani nikaona vunjajungu wametaga juu sana, vifuko vyao vya mayai vimeng'ang'ania matawi kwa kimo cha kunipita kichwa. Kwetu watu husema vunjajungu hutaga juu ya pale theluji itakapofika, mayai yake yasije yakazikwa. Nikasimama kwenye mkutano wa ushirika nikatangaza kwamba tutafukiwa. Tukafukiwa kweli. Theluji ilifika madirishani, na kuanzia hapo nikawa mtu wa kuulizwa.

Imepita miaka kumi na mitano. Nimebashiri kila mwaka, na nimepatia, tuseme, mara nne. Lakini hizo nne nimezisimulia mno hata watu wakazisahau zile kumi na moja, na mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kuzisahau.

Sasa, mtu wa kuulizwa ana taabu yake: hawezi kuonekana anafunga matairi ya theluji mapema. Hapa kwetu kila Novemba wanaume hutazamana. Akifunga mmoja, wote hufunga Jumapili hiyo hiyo, utadhani wamepigiwa kengele. Ukiwahi sana, lami kavu inakula ule mpira wake laini wa kushikia theluji na watu wanakuita mwoga. Ukichelewa, wanakukuta mtaroni. Mimi nilijipa cheo cha kufunga wa mwisho kabisa, siku moja kabla ya theluji, na nilihakikisha nafungia upande wa barabarani ili watu waone.

Mwaka jana vunjajungu walitaga chini, magotini. Nikatangaza: theluji kidogo, na haitakanyaga hapa kabla ya katikati ya Desemba. Hilo la tarehe halimo kwenye mayai. Nililitia mwenyewe kwa sababu wenzangu walikuwa wananisikiliza vizuri na pombe ya mchele ilikuwa bado ipo.

Na mwaka huo huo binti yetu Misato akarudi nyumbani kujifungua, kama mabinti wa kwetu wanavyofanya, ale mapishi ya mama yake na alale kwenye chumba chake cha zamani. Mumewe yuko kazini, mjini Kawasaki, na alitaka sana ajifungulie huko huko, karibu na hospitali. Misato akamwambia kwenye simu, "Usijali, baba yangu atanifikisha." Nilikuwa nyuma ya mlango, nikamsikia. Kichwa kikanivimba siku tatu.

Hospitali iko mjini Tsuruoka, nusu saa kwa gari, na kutoka kwetu unaanza na mteremko ambao hata paka huushuka kwa adabu. Mke wangu Nobue hakuwahi kujifunza kuendesha. Kwa hiyo dereva alikuwa mmoja tu, na mtoto alitarajiwa wiki ya kwanza ya Desemba.

"Baba Misato, funga matairi," Nobue aliniambia, Novemba ikiwa ndiyo kwanza imeanza.

"Bado."

"Mtoto hatamsubiri vunjajungu wako."

"Vunjajungu hajawahi kuniangusha."

"Hee! Na mwaka juzi mtaroni ulitolewa na trekta ya nani?"

"Ile ilikuwa barafu, si theluji. Tofautisha mambo, mke wangu."

Nobue akaguna, akaendelea kumenya kaki za kukausha. Misato alikuwa pembeni yake, tumbo limemjaa mapajani, kisu mkononi. Akaniangalia kwa makini. "Baba, kweli hakuna shida? Kama kuna shida niambie sasa, nikalale kwa rafiki yangu mjini mpaka nijifungue."

Alikuwa amenifungulia mlango, nami ningeweza kutoka kwa heshima. Badala yake nikamjibu kwa ile sauti yangu ya mkutanoni, "Mwanangu, lala usingizi."

Jirani yetu wa chini ya mteremko ni Bi Hatsue, mjane wa miaka sabini na sita, mwenye pikapu ndogo ya viti viwili na ulimi mrefu kuliko pikapu yenyewe. Yeye alikuwa amefunga matairi ya theluji Oktoba haijaisha. Nilipomwona nikamtania, "Bi Hatsue, unakwenda kuwinda dubu?"

"Nakwenda sokoni, kijana. Na nitarudi. Wewe utakwenda tu." Kijana! Mimi nina miaka sitini na moja, mgongo umenipinda kwa ngazi za shamba, lakini yeye alinijua nikiwa na makamasi.

Tarehe ishirini na sita, mchana, radi ikapiga kutoka upande wa baharini. Kwetu radi za Novemba ndizo zinazobisha hodi kabla ya theluji, kila mtoto anajua. Nikaenda ghalani, nikatoa matairi yote manne, nikayapanga uani. Nikapiga jeki, gari likanyanyuka. Nikalegeza nati mbili. Ndipo nikasikia gurudumu la toroli likilia barabarani, na Bi Hatsue huyo, na shehena yake ya figili za kuanika kwa ajili ya achari.

"Nabii!" akaita, watu wote wa mtaa wamsikie. "Vunjajungu wamehama?"

"Nakagua breki," nikasema.

"Na hayo matairi manne?"

"Yanapunga upepo."

Alicheka mpaka akaegemea toroli. "Haya, yapunge. Yasipate mafua tu!" Akaenda zake, na mpaka anapotelea kwenye kona nilikuwa bado namsikia.

Nilikuwa na spana mkononi. Kazi iliyobaki ilikuwa ya nusu saa. Nikakaza zile nati mbili, nikashusha jeki, nikarudisha matairi ghalani. Sikufanya hivyo kwa sababu ya mayai ya mdudu yeyote. Nilifanya hivyo kwa sababu bibi mmoja alicheka. Nimelifikiria jambo hili kwa miezi mingi, nikitafuta sababu nyingine ya kiume zaidi, sijaipata.

Asubuhi ya keshokutwa yake niliamshwa na ukimya. Mtu wa kwetu akiamshwa na ukimya, ule wa theluji kumeza sauti zote, hana haja ya kufungua dirisha. Nilifungua hata hivyo. Theluji ilikuwa imekaribia goti na ilikuwa inaendelea. Nikiwa bado nimeduwaa, Nobue akapiga kelele kutoka chumba cha pili: "Baba Misato! Chupa imepasuka!"

Akapiga simu ya teksi. Zote zilikuwa zimetoka, wakasema tusubiri saa nzima. Misato alikuwa ameshika nguzo, anapumua kwa kuhesabu.

"Subirini ndani," nikasema, "nalisogeza gari mlangoni." Hata wakati ule bado nilikuwa na ile sauti.

Gari lilisogea. Lilisogea vizuri sana, ila si kuelekea mlangoni. Likafuata ukingo wa ua, likageuka ubavu, likaanza kushuka mteremko polepole kama bibi harusi. Nikakanyaga breki, nikaona breki imekuwa pambo. Nikazungusha usukani, nao ukawa pambo. Nilipata muda wa kutosha kuona ninakokwenda, na nilikokwenda ni kwenye kichanja cha figili cha Bi Hatsue. Kikanidaka. Figili kama arobaini zikaanguka juu ya paa, moja moja, pu, pu, pu.

Bi Hatsue akafungua mlango, mswaki mdomoni. Akatazama gari, akatazama figili, akanitazama mimi.

"Umekuja kununua achari?"

"Misato," nikasema. "Bi Hatsue, ni Misato. Chupa imepasuka."

Uso wake ukabadilika. Akatupa mswaki kwenye theluji, akachukua ufunguo, akawasha pikapu akiwa na nguo zake za kulalia na buti za shambani. Pikapu ikapanda mteremko kama inapanda ngazi, bila hata kuteleza mara moja. Mimi nikapanda nyuma yake kwa miguu, nikianguka, nikiinuka.

Nobue alikuwa amemtoa Misato mlangoni na mkoba wake. "Mimi nitakaa nyuma, kwenye mizigo," nikasema.

"Nyuma kuna magunia ya mbolea," akajibu Bi Hatsue, "na hayo hayajamdanganya mtu. Baki."

Nikamshika Misato mkono apande. Uchungu ukamjia, akanibana vidole mpaka nikaona nyota, na ulipomwachia akanitazama usoni. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Nilikuuliza, Baba," akasema. Kisha mlango ukafungwa.

Niliziangalia taa za pikapu mpaka zikafika kwenye kona. Niliogopa, sifichi. Nilimwogopea mwanangu na mtoto wake kwenye barabara ile, na nyuma ya woga huo palikuwa na mwingine mdogo wa aibu: nilikuwa naliogopa lile jicho lake.

Nikayaburuta matairi manne mpaka chini, nikayafunga pale pale uani kwa Bi Hatsue, katikati ya figili, vidole vimekufa ganzi. Majirani wakatoka na makoleo, eti wanazoa theluji. Mwenzangu mmoja wa ushirika akaita, "Nabii, si umesema katikati ya Desemba?" Nikaendelea kukaza nati. Alishtuka kuliko kama ningemtukana.

Saa tano simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Bi Hatsue. "Msichana. Kilo tatu na kidogo. Mama mzima, mtoto mzima, ana mdomo mkubwa, wa kwenu huo. Figili zangu uzianike tena, na usizichanganye ndogo na kubwa." Nikakaa kwenye theluji, nikalia. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi nilipewa vyote viwili asubuhi moja.

Tulipofika hospitali, Misato alicheka nasi, akanipa mtoto nimshike, akaniambia nisimpumulie usoni. Nikajisemea, basi, yamekwisha, binti yangu ana moyo mkubwa.

Siku ya tano nikaenda kuwachukua. Jua lilikuwa limewaka siku mbili, theluji imeyeyuka, lami kavu kabisa, hata matairi ya kiangazi yangetosha. Nilikuwa nimeosha gari na kufunga kiti cha mtoto. Nikalisimamisha mbele ya mlango, nikashuka, nikasema, "Twende, mwanangu. Safari hii usiwe na wasiwasi, nimefunga."

Misato akampa mama yake mtoto. Akaenda mbele ya gari, akainama taratibu, mkono mmoja tumboni, akapitisha vidole kwenye mikato ya tairi, ile ya kushikia theluji. Akaenda kwenye la pili, akafanya vivyo hivyo. La tatu. Akalizunguka gari mpaka la nne, naye ni mtu aliyejifungua juzi. Watu walikuwa wanaingia na kutoka. Nobue alimtazama mtoto. Nilikuwa na maneno, mimi siku zote ninayo, nikayameza yote.

Akainuka, akapangusa vidole.

"Haya, Baba," akasema. "Fungua mlango."