Mapatano ya Watu Watatu

Wakati wa vita Mama alitupangia jambo moja, mimi na mdogo wangu wa kike.

"Masasi ya bunduki ikilia huku mujini, tunavuka muto, tunakutana Alunguli. Ikilia ngambo, tunashika njia ya Kibombo, upande huu. Hakuna kungojana. Munasikia?"

Tulisikia. Tena tulitii, na utii huo unaniudhi hadi leo. Siku yenyewe risasi zililia pande zote mbili za mto. Mimi nilikuwa shuleni, nikasikia za mjini, nikaruka ndani ya mtumbwi. Mama alikuwa ng'ambo, shambani kwenye mpunga; akasikia za huko, akavuka kurudi ili ashike njia ya Kibombo. Huenda tulipishana mtoni. Mdogo wangu alikuwa nyumbani, akasikia zote. Majirani walimwona mlangoni na furushi lake, hajui aende wapi. Mimi na Mama tulionana tena vita vilipotulia. Mdogo wangu hatukumpata, wala kaburi lake.

Siku hizi nafundisha fizikia hapa hapa Kindu. Juzi niliwapa wanafunzi mchezo. Watatu wanakaa vyumba mbalimbali. Kila mmoja anaulizwa swali moja kati ya mawili, bila kujua wenzake wameulizwa lipi, na majibu yao kwa pamoja lazima yaafikiane na mchanganyiko wa maswali waliyoulizwa wote watatu. Kupatana kabla ni ruksa. Walipatana, wakashindwa. Wakapatana upya kwa makelele, wakashindwa tena. Niliwaambia wasijichoshe: wapatane wapatanavyo, kuna namna ya kuuliza itakayowavunja. Wataalamu wakiwa na chembe tatu za mwanga zilizofungamana, kila mmoja na yake, hushinda kila mara bila neno kupita kati yao.

"Mwalimu, sisi tutazipata wapi hizo chembe?"

Nilicheka vibaya. Hata umeme shuleni hatuna.

Jioni nikamsimulia Mama, ambaye miaka yote hii ananiuliza kama alipanga vibaya. Nilidhani namtua mzigo.

"Kumbe haikukuwa kosa yangu?"

"Hapana, Mama. Hata ungepanga namna gani, kulikuwa na siku ya kutushinda."

Mama aliweka chini ungo wa mchele aliokuwa akichambua.

"Afazali ingekuwa kosa," alisema. "Kila usiku ninapangaka ile siku upya ndani ya kichwa, na mutoto anafikaka. Sasa atafika namna gani?"