Usukani Uliobambuka

Nsofwa Kapembwa alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya mgodi mmoja wa shaba, Kitwe, na kwa miaka ishirini na miwili mikono yake ndiyo iliyomlisha. Siku alipoomba kazi, msimamizi wa zamani alikishika kiganja chake, akakigeuza kama mtu anayechagua nyanya sokoni, akamwambia ni kilaini mno kwa kazi ya moto. Nsofwa hakubishana naye. Alisimama nje ya lango siku nne mfululizo, mpaka wakachoka kumwona na kumpa vipande viwili vya bomba aviunganishe. Walipolijaza bomba lile maji, halikuvuja hata tone.

Alipofikisha miaka arobaini na saba alinunua gari jipya, la kwanza maishani mwake. Si mtumba ulioshushwa bandarini na kaseti ya Kijapani bado imo ndani ya redio. Jipya kabisa, viti vimefunikwa nailoni, na kijitabu cha waranti ya miaka mitatu. Kijitabu hicho alikisoma chote kwa jioni tatu, huku mumewe Lukonde, mwalimu wa shule ya msingi, akimtania kwamba hata Biblia hajawahi kuisoma kwa bidii ile.

Mwezi wa kumi na moja tangu alinunue, usukani ulianza kubambuka. Kilianza kidoa cha ukubwa wa kucha, upande wa juu. Kisha utando mweusi ukainuka na kujikunja kama ganda la kitunguu, na chini yake kukaonekana kitu cha kijivu, chenye kunata. Vipande vilimganda viganjani. Jumapili moja alifika kanisani akajikuta ameipaka masizi blauzi yake nyeupe ya umoja wa akina mama, kana kwamba ametoka kusonga ugali wa msibani. Na gari lilikuwa limetembea kilomita elfu kumi na tisa tu.

"Nunua kava uuvalishe," Lukonde alimwambia. "Nani atauona usukani wako?"

"Mimi."

"Basi vumilia."

"Nimenunua gari, Baba Mwaba. Sikununua uvumilivu."

Akalipeleka dukani alikolinunulia. Meneja wa huduma, Bwana Siwale, kijana mtanashati mwenye sauti ya upole, alimkaribisha kiti, akampa fomu ajaze, akaupiga picha usukani pande zote, akamwahidi majibu baada ya wiki mbili. Wiki mbili zikawa tano. Jibu lilipotoka lilikuwa la mistari michache: uchakavu umesababishwa na mikono migumu ya mteja kutokana na kazi yake, kwa hiyo waranti haihusiki.

Nsofwa aliisoma barua ile amesimama kaunta. Akairudia. Sauti yake ilitoka taratibu.

"Nani aliyeipima mikono yangu?"

"Samahani, mama?"

"Mmeandika mikono migumu. Mliipima lini? Maana hapa hakuna hata mmoja aliyenipa mkono."

Siwale alicheka kidogo, cheko la kuomba amani. "Mama, kwenye fomu uliandika kazi yako ni kuchomelea. Mafundi wetu wana uzoefu na mambo haya."

"Na mimi nina wangu. Njoo."

Alimtoa nje mpaka kwenye gari, akafungua mlango. "Kitu kinachosuguliwa, mwanangu, hung'aa kwanza, halafu hukonda, halafu hutoboka. Chukua msasa usugue ubao uone. Huu haujakonda. Umeinuka kutoka chini, ule utando umeachana na kilichoushika. Tena tazama mahali ulipoanzia. Huku juu, jua linapopiga. Mimi huku sishiki. Mimi nashika hapa na hapa, na hapa pamebaki pazima. Kwa hiyo mikono yangu migumu inakwaruza mahali isipogusa?"

Siwale aliutazama usukani muda mrefu kuliko alivyoutazama siku ya kwanza. Kisha akamwomba asubiri. Aliporudi alikuwa na karatasi nyingine: duka litambadilishia usukani, bure, kwa hisani tu. Yeye atie sahihi kwamba amekubali kuwa uharibifu ulitokana naye.

"Usukani unapata, mama. Hilo neno ni la kwenye faili tu, nani atalisoma?"

Nsofwa aliirudisha karatasi kwa kidole kimoja. "Uongo wenye jina langu sitii sahihi. Utoe huo mstari, nitie sahihi saa hii hii."

"Mstari siwezi kuutoa."

"Basi na mimi siwezi."

Akaondoka na usukani wake uliobambuka. Nyumbani, Lukonde alipopewa habari aliweka chini sahani ya ugali wake wa nshima.

"Wamekupa ukakataa? Mama Mwaba, wewe ni mzima kweli?"

"Miaka ishirini na miwili iliyopita waliikataa mikono hii kwa ulaini. Leo wanaikataa kwa ugumu. Itabidi waniambie ni lini hasa ilikuwa sawa."

Lukonde aliivuta tena sahani yake. Alimjua mkewe akishafika hapo.

Tangu siku hiyo Nsofwa akawa na jicho lingine. Kwenye maegesho ya mgodi, sokoni, nje ya hospitali, kila alipoona gari aina ya lake alichungulia dirishani. Usukani baada ya usukani ulikuwa umevaa kava: la manyoya, la ngozi bandia, jingine limeshonwa kwa kitambaa cha chitenge. Mlinzi mmoja alimfukuza akidhani ni mwizi. Mara nyingine, mwenye gari mwenyewe alimkuta ameinama dirishani: dada mmoja mfamasia aitwaye Luyando.

"Unatafuta nini kwenye gari langu?"

"Nataka kujua chini ya hilo kava kuna nini."

Luyando alisita, halafu akalivua kava kama mtu anayemwonyesha daktari kidonda. Ulikuwa umebambuka kama ule wa Nsofwa, na zaidi. Yeye aliandikiwa kwamba kosa ni dawa ya kusafishia mikono. Aibu ilimfunga mdomo, akaenda kununua manyoya.

Kupitia Luyando wakampata Mutinta, mwalimu wa sekondari, na kupitia Mutinta wakampata Shemasi Kaluba, mzee mstaafu wa reli. Wote walikuwa na barua zao. Nsofwa akazipanga mezani kwake, akazisoma moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze akacheka mpaka machozi.

Jumamosi iliyofuata magari manne ya aina moja yaliingia kwenye uwanja wa duka, yakaegeshwa sambamba mbele ya vioo, milango wazi, kava zimevuliwa. Ndani kulikuwa na wateja kadhaa. Siwale alitoka mbio kidogo.

"Mama, tungeweza kuzungumza ofisini."

"Ofisini nilishazungumza. Leo nataka unisaidie kusoma." Akaingia ukumbini, wenzake nyuma yake, akamwekea barua nne kwenye kaunta. "Gari ni aina moja, duka ni moja, ugonjwa ni mmoja. Mimi, mikono migumu. Huyu, dawa ya mikono. Shemasi, mnasema ni jasho. Na mwalimu hapa, mmemwandikia pete."

Mutinta aliinua mikono yote miwili, akaigeuza mbele na nyuma. "Sijaolewa, wala sijawahi kuvaa pete. Kama mnayo, nipeni."

Watu wakacheka. Mzee mmoja mwenye kofia, aliyekuwa akilizunguka gari jipya katikati ya ukumbi, akaufunga mlango wake taratibu. "Na mimi nikilichukua hili," akamuuliza Siwale, "mtaniandikia nini? Kikohozi?"

Siwale akaingia ofisini. Akampigia simu mkubwa wake Lusaka, na kupitia kioo walimwona akieleza, akinyamaza, akieleza tena. Alipotoka aliomba barua zote azitoe nakala. Nsofwa alimfuata mpaka kwenye mashine, akasimama pale hadi barua za asili ziliporudi mkononi mwake.

Baada ya wiki tatu usukani mpya uliwasili, na barua mpya: kasoro ya utengenezaji, inalipiwa na waranti. Habari ya mikono haikutajwa. Nsofwa aliisoma mara mbili, kisha ndipo akatoa kalamu.

Lakini zilikuja sukani tatu tu. Waranti ya Shemasi Kaluba ilikuwa imekwisha siku kumi na mbili kabla, na Siwale, safari hii bila cheko lolote, alisema hapo mikono yake imefungwa.

"Barua ya kumkataa mliiandika lini?" Nsofwa aliuliza.

"Mwezi wa tano."

"Waranti ilikuwa hai?"

"Ilikuwa hai, mama. Ila sasa imekufa."

"Mliikalia mpaka ikafa, halafu mnatualika mazishini."

Shemasi alimvuta pembeni. Alisema yeye ameridhika, kava lake ni zuri, asijisumbue. Nsofwa alimwambia Jumatatu saa mbili awe amevaa suti.

Jumatatu hiyo aliomba ruhusa kazini, akampeleka mzee kwenye ofisi ya kutetea wanunuzi. Karani aliwatazama wote wawili.

"Wewe mama ni nani kwake? Binti? Wakili?"

"Tumebambukiwa pamoja," alisema Nsofwa, akavuta kiti.

Walijaza fomu tatu. Walirudi mara nne, na mara mbili waliambiwa faili halionekani, na mara zote mbili Nsofwa alikaa benchini mpaka likaonekana. Mvua zilianza, zikakolea. Mwezi wa pili duka liliandikiwa barua na ofisi ile, na wiki iliyofuata Shemasi Kaluba alifungiwa usukani wake mpya, Siwale mwenyewe akimkabidhi funguo. Mzee aliendesha mpaka nyumbani kwa kilomita ishirini kwa saa, mikono yote miwili imeushika, Nsofwa nyuma yake na gari lake, akiwapigia honi waliotaka kumpita.