Vipara vya Msiba wa Dada

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nilianza na toroli, darasa la nne sikulimaliza, na leo nina mashine mbili za kusaga hapa Songea. Lakini jana kinyozi alinipaka sabuni ya mche kichwani, na harufu ile ikanirudisha nyumbani.

Miaka mingi iliyopita redio ilitangaza kwamba bomu limeua watu Dar, mtaa uleule ambako dada alifanya kazi za ndani. Siku nane hatukupata habari. Baba akakubali kuwa amekufa, tukanyolewa wote kwa wembe na sabuni ya mche, matanga yakaanza.

Mchana huohuo dada akaingia uani na begi kichwani, mzima. Siku ya bomu alikuwa ametumwa sokoni. Siku zilizofuata alihangaikia nauli. Akatazama vipara vyetu.

"Jamani, nani amekufa?"

"Wewe!" bibi akamjibu, huku anamshika uso. "Na ugali wa msiba wako haujapoa, kaa ule."

Vigelegele vilifika barabarani. Kisha bibi akatusimamisha tuwaombee wale ambao hawakurudi kwao, ndipo tukala.

"Mzee, nimekukata?" kinyozi aliniuliza, maana nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka. Kunyoa ni elfu mbili. Nilimwachia elfu kumi.